Okestra ya Bournemouth na Viongozi Wake Wenye Kijiti

Baada ya gwaride moja la sikukuu ya Uhuru katika uwanja wa Kololo, askari polisi aliyekuwa kwenye zamu ya lango alitupigia saluti, kisha akatuuliza jambo ambalo yaelekea lilikuwa likimsumbua tangu asubuhi: “Afande, yule bwana anayesimama mbele ya bendi akipunga kijiti, kazi yake ni nini hasa? Hapigi tarumbeta, hapigi ngoma, wala haimbi. Na mshahara anapokea kama wenzake, tena mkubwa zaidi.”

Tulimjibu kwa haraka kwamba yule ndiye kamanda wao. Jibu hilo halikumtosheleza, na tukikiri ukweli, halikututosheleza hata sisi wenyewe. Kamanda hutoa amri kwa sauti, au kwa simu ya upepo, au kwa maandishi yenye sahihi. Huyu hatoi neno. Swali lile tumetembea nalo kwa muda mrefu, na leo twapenda kulijibu kwa ukamilifu, si kwa mfano wa bendi zetu ambazo kila msomaji amekwisha kuziona, bali kwa mfano wa okestra moja ya mbali, katika pwani ya kusini ya Uingereza, ambayo ilizaliwa katika ukoo wa wanajeshi na ikapitia mikono ya viongozi wa kila namna. Mmoja wao mkono wake ulikuwa umeharibiwa na maadui kabla hajafika.

Kwanza tukubaliane juu ya neno. Wazungu humwita mtu huyu kondakta, lakini kwetu kondakta ni yule kijana aningʼiniaye mlangoni mwa basi akidai nauli. Katika makala haya tutamwita mwongozaji.

Msomaji aliyezoea gwaride yafaa pia ajue tofauti iliyopo kati ya bendi ya jeshi na okestra. Bendi yetu ni ya matarumbeta, zumari, filimbi na ngoma. Imeumbwa ili isikike uwanjani penye upepo na vumbi. Okestra huongeza juu ya hayo ala za nyuzi, yaani fidla na dada zake wakubwa, nazo huwa ndizo nyingi kupita zote. Kwa sababu sauti ya nyuzi ni laini, okestra hukaa ndani ya jumba. Lakini tofauti kubwa zaidi iko katika mwendo. Gwaride la mwendo wa haraka huenda hatua kama 120 kwa dakika, na ngoma kubwa huwashikilia watu wote hapo mpaka mwisho. Katika simfonia hakuna ngoma ya kushikilia mwendo. Muziki hupungua, hukimbia, husita, hunyamaza kabisa kwa pumzi moja kisha ukalipuka, na watu 60 au 80 hawana budi kufanya hivyo kwa pamoja. Lazima awepo mtu mmoja ambaye wote wanamtazama.

Ukweli huu tuliujifunza kwa miguu yetu tulipokuwa kadeti. Siku moja ya mazoezi ya gwaride la kuhitimu, mwongozaji wa bendi alishikwa na homa, bendi ikatoka bila yeye. Kwa mwendo wa haraka hatukuona upungufu wowote, na wengine wetu tulianza kunongʼona kwamba mzee yule alikuwa akila mshahara wa bure. Ulipofika wakati wa kugeuza kutoka mwendo wa haraka kwenda mwendo wa pole, matarumbeta yalipunguza, ngoma ikaendelea, na sisi wa safu ya pili tukabaki mguu wa kushoto uko hewani, hatujui tuutue lini. Walioadhibiwa kwa kosa hilo hawakuwa wapiga bendi. Tulikimbia kuuzunguka uwanja mpaka jua likazama.

Basi twende Bournemouth. Katika karne ya kumi na tisa mji huo ulikuwa ukikua upesi, kwa kuwa waganga waliwapeleka huko wagonjwa wa kifua wakapunge hewa ya bahari. Wageni wa namna hiyo walihitaji burudani, na baraza la mji likawa linatafuta bendi. Kwa miaka kadhaa kazi hiyo ilifanywa na kundi la Waitalia waliotoka katika bendi za jeshi la kwao. Mwaka 1893 baraza likaamua kuwa na bendi kubwa zaidi, likamwendea kijana wa miaka 24 aitwaye Dan Godfrey.

Jina la Godfrey lilijulikana katika kambi zote za Uingereza. Babu yake, Charles Godfrey, aliongoza bendi ya Coldstream Guards. Wana watatu wa mzee huyo wakafuata nyayo zake: Frederick katika Coldstream Guards baada ya baba yake, Charles mdogo katika Royal Horse Guards, na Dan mkubwa, baba wa kijana wetu, katika Grenadier Guards. Huyo Dan mkubwa ana habari moja ambayo wapiga bendi wa kila jeshi wangependa kuijua. Mwaka 1887, katika sherehe za miaka 50 ya enzi ya Malkia Victoria, alipewa cheo cha luteni, akawa mwongozaji wa bendi wa kwanza katika jeshi la Uingereza kupata kamisheni. Kabla yake waongozaji wa bendi walisimama mbele ya wafalme, wakapokea makofi, kisha wakarudi kula katika mesi ya masajini.

Kijana Dan alikuwa amelelewa katika muziki huo wa gwaride. Alikuwa pia amefika Afrika, huko Johannesburg, akiongoza muziki wa kundi la michezo ya kuimba. Bournemouth ilimpa nafasi ya kuajiri watu 30. Idadi hiyo ni ndogo. Baraza lilitaka bendi ya jeshi ya kupiga nje, kwenye gati la baharini, na lilitaka pia okestra ya kupiga ndani ya jumba la vioo lililoitwa Winter Gardens. Lakini fedha za kulipa makundi mawili halikuwa nazo. Basi watu wale wale 30 wakawa bendi ya jeshi penye upepo na okestra penye paa. Afisa yeyote aliyewahi kupewa platuni moja na kuagizwa alinde daraja na ghala kwa wakati mmoja ataielewa hali ya Godfrey.

Onyesho la kwanza lilifanyika mwezi Mei mwaka 1893. Hapo ndipo kijana huyu alipoonyesha kuwa alikuwa na nia nyingine kifuani. Baraza liliajiri burudani ya wagonjwa na watalii, yaani maandamano ya muziki wa gwaride na nyimbo za kuchezea dansi. Godfrey alitaka simfonia. Hakugombana na waajiri wake. Aliwapa walichokitaka gatini, na pole pole akaanza kuingiza alichokitaka yeye ndani ya Winter Gardens, mpaka maonyesho ya simfonia yakawa desturi ya mji. Baadaye baraza likaichukua okestra moja kwa moja mikononi mwake, ikawa mfano wa kwanza nchini humo wa okestra ya kudumu inayolipwa na mji. Madiwani waliouliza kwa nini kodi ya wenye nyumba inunue fidla hawakukosekana, na hawakukosekana katika kizazi chochote kilichofuata.

Jambo alilofanya Godfrey kubwa kuliko yote, kwa maoni yetu, ni kuwapa nafasi watunzi wa nchi yake mwenyewe. Wakati ule Waingereza wengi waliamini kwamba muziki mzito ni wa Wajerumani, na kwamba wao kazi yao ni kununua tiketi. (Sisi Waafrika tunaijua dhana ya namna hiyo, ingawa kwetu ilihusu mambo mengi zaidi ya muziki.) Godfrey aliwaalika watunzi wa Kiingereza waje Bournemouth wasimame wao wenyewe mbele ya okestra na kuongoza kazi zao. Walikuja akina Edward Elgar, Gustav Holst, Ralph Vaughan Williams, na mwanamke Ethel Smyth. Mwaka 1922 Mfalme alimpa Godfrey heshima ya kuitwa Sir. Alistaafu mwaka 1934 baada ya miaka 41 katika kazi ile ile na mji ule ule, akafariki mwaka 1939.

Vita vikuu vya pili vilikaribia kuiua okestra. Mwaka 1940 mwongozaji aliyemfuata Godfrey, Richard Austin, aliondoka, na baraza likaipunguza okestra ikabaki kikundi kidogo chini ya Montague Birch. Kikundi hicho kilivumilia miaka ya giza na mabomu. Hakikufanya makubwa, lakini hakikuvunjwa, na mtu aliyewahi kushika ngome kwa askari wachache akingojea kikosi cha msaada hatalidharau hilo.

Mwaka 1947 mji uliamua kuijenga upya. Ukawapatia wanamuziki jumba jingine, lililokuwa limejengwa mwaka 1937 kwa mchezo wa kuviringisha matufe. Jumba hilo halikuwa zuri kwa macho, lakini sauti ilisafiri ndani yake vizuri ajabu. Na mtu aliyeajiriwa kuisimamisha okestra kwenye miguu yake alikuwa Rudolf Schwarz.

Schwarz alizaliwa Vienna mwaka 1905, akawa mwongozaji katika jumba la opera la Karlsruhe nchini Ujerumani. Mwaka 1933 Wanazi walipotwaa madaraka alifukuzwa kazi kwa sababu alikuwa Myahudi. Akaenda Berlin kuongoza muziki katika jumuiya ya utamaduni ya Wayahudi, mahali pekee ambapo wasanii wa asili yake waliruhusiwa kufanya kazi, wakiwatumbuiza Wayahudi wenzao tu. Jumuiya hiyo nayo ikafungwa mwaka 1941. Mwaka 1943 alipelekwa Auschwitz, kisha Sachsenhausen, na mwisho Bergen-Belsen. Askari wa Uingereza walipoingia kambi hiyo ya Belsen tarehe 15 Aprili 1945, walikuta maelfu ya maiti hazijazikwa, na walio hai wengi wao hawakuweza kusimama. Schwarz alikuwa miongoni mwa walionusurika. Alipelekwa Sweden kupata nafuu.

Huko Auschwitz bega lake lilikuwa limevunjwa. Tangu hapo mkono wake haukurudi kuwa ulivyokuwa.

Tunaomba msomaji atue hapa pamoja nasi. Mwongozaji wa okestra hana chombo kingine ila mikono. Mkono mmoja, aghalabu wa kulia, hushika kijiti na kuonyesha mapigo: ukishuka ndilo pigo la kwanza, ukienda kando ni la kati, ukipanda ni la mwisho. Mkono wa pili huwaambia watu hawa wapunguze, wale waongeze, wengine wajiandae kuingia. Mwongozaji aliyevunjwa bega ni kama mpiga shabaha aliyejeruhiwa jicho. Yeyote kati yetu angeona ni haki mtu huyo apewe pensheni na kiti cha kivulini.

Schwarz alisimama mbele ya okestra ya Bournemouth miaka miwili tu baada ya Belsen, akaiongoza mpaka mwaka 1951. Ishara zake hazikuwa za kupendeza macho, na wapigaji waliozoea mapigo yaliyo wazi walipata shida kuzisoma mwanzoni. Hata hivyo okestra iliyokuwa kikundi wakati wa vita ikawa tena okestra kamili chini yake. Kutoka hapo akachukuliwa na mji mkubwa wa Birmingham, na mwaka 1957 akakabidhiwa okestra ya shirika la utangazaji la BBC mjini London. Watu hawapandishwi vyeo hivyo kwa kuhurumiwa.

Je, aliongozaje? Jibu ndilo lile alilolitafuta askari wetu wa Kololo. Kijiti kinachoonekana jioni ya onyesho ni sehemu ndogo ya kazi. Mwongozaji huwa amekaa na karatasi za muziki kwa siku nyingi, akijua kila ala itapiga nini, na wapi hatari ilipo. Kisha huja mazoezi, ambamo husimamisha, husahihisha, hurudia. Huwa ameafikiana na mpigaji wa kwanza wa fidla, ambaye katika okestra ana nafasi kama ya sajini meja: ndiye anayepeleka nia ya mkuu safuni kwa mfano wa mkono wake mwenyewe. Usiku wa onyesho ukifika, amri nyingi zimekwisha kutolewa. Kinachobaki ni watu 80 kumwamini mtu mmoja kwamba anajua waendako. Pengine hutazamwa usoni kuliko kutazamwa kijiti.

Waliomfuata Schwarz tutawapitia kwa haraka, ingawa si kwa dharau. Charles Groves aliiongoza okestra katika msukosuko wa fedha, mpaka mwaka 1954 baraza la mji lilipoitua mzigo, ikakabidhiwa kwa chama cha kuiendesha na kupewa jina lake la sasa, Bournemouth Symphony Orchestra. Tangu wakati huo haikuwa ya mji mmoja tena, bali ya jimbo zima la kusini magharibi. Mwaka 1961 akaja Mromania Constantin Silvestri, mtu wa mazoezi yasiyokwisha, ambaye aliijulisha okestra hii kwa ulimwengu kwa sahani za santuri. Alifariki kazini mwaka 1969 na amezikwa Bournemouth. Baada yake, kuanzia mwaka 1972, alikuja Mfini Paavo Berglund, aliyeshika kijiti kwa mkono wa kushoto. Wapigaji waliozoea kulia ilibidi wazoee kushoto. Berglund pamoja na okestra hii ndiye aliyetoa santuri ya kwanza ya Kullervo, kazi ya ujana ya mtunzi Sibelius ambayo mwenyewe aliizuia isipigwe kamili kwa muda wote uliobaki wa maisha yake.

Katika miaka hiyo hiyo okestra ilichukua mwongozaji msaidizi wa miaka 19, kijana aliyeshinda shindano mwaka 1974. Jina lake Simon Rattle. Baadaye aliongoza okestra ya Berlin kuanzia mwaka 2002 mpaka 2018, na katika kazi hiyo hakuna cheo kikubwa zaidi. Maafisa wanaosita kumpa luteni mpya kazi yenye uzito huenda wakapenda kuikumbuka habari hiyo, au huenda wasipende.

Makao ya okestra yalihamia mji jirani wa Poole mwaka 1979, na lile jumba la matufe lenye sauti nzuri likabomolewa mwaka 2006. Eneo linalohudumiwa ni kama maili mraba 10,000. Wapigaji husafiri kwa mabasi kwenda Exeter, Portsmouth, Bristol na kwingineko, hupiga, hupakia ala na kurudi usiku. Maisha yao yako karibu na ya kikosi cha doria kuliko ya wasanii wa sinema.

Mwaka 2002 kijiti kilishikwa na Mmarekani Marin Alsop, mwanamke wa kwanza kuwa mwongozaji mkuu wa okestra ya simfonia nchini Uingereza. Alikaa mpaka mwaka 2008. Baada yake, kwa miaka 15 kuanzia 2009, aliongoza Kirill Karabits, mzaliwa wa Kyiv. Huyu aliwaletea Waingereza muziki wa nchi za mashariki ambao hawakuujua, ikiwa ni pamoja na simfonia ya tatu ya Boris Lyatoshynsky wa Ukraine. Mtunzi huyo aliiandika mwaka 1951 akiwa na tumaini kwamba amani itaishinda vita. Wakuu wa Kisovieti hawakuridhika, wakamlazimisha aubadili mwisho wake. Karabits aliirekodi na okestra hii kama ilivyoandikwa kwanza, nayo ikatolewa mwaka 2019. Miaka mitatu baadaye, Februari 2022, majeshi ya Urusi yaliingia Ukraine, na mwongozaji huyo akawa anasimama jukwaani huku mji alikozaliwa ukipigwa makombora. Alikabidhi kazi mwaka 2024 kwa Mwingereza Mark Wigglesworth.

Tumebakiza mtu mmoja. Mwaka 2018 okestra ya Bournemouth iliunda kikundi kidogo cha wanamuziki wenye ulemavu, kikaitwa BSO Resound, chini ya mwongozaji James Rose. Rose ana maradhi ya ubongo ya tangu utotoni yanayomzuia kuitawala mikono na miguu yake, na hutembelea kiti cha magurudumu. Kijiti chake hufungwa kichwani. Kwa kukigeuza na kukiinamisha kichwa huonyesha pigo la kwanza, la kati na la mwisho, na kwa macho huwaambia wapigaji mengine yote. Mwaka huo huo kikundi chake kilipiga katika jumba la Royal Albert Hall mjini London, mbele ya umma, na wapigaji wakaingia pamoja na wakanyamaza pamoja.